Unyayo wa Mama Mdogo

Ziwa liliporudi nyuma kule Ruziba, pembeni mwa Bujumbura, liliacha tope. Lilikuwa limekaa juu ya mashamba ya watu muda mrefu, limeozesha mihogo na kubomoa kuta, na sisi tuliokuwa na vibanda karibu na maji tulikuwa tumehamia juu huku tukililaani. Kisha likaondoka lenyewe, bila kuaga. Nilishuka kuangalia kama tanuri langu limepona, nikakuta uwanja mpana wa tope lililoanza kukauka. Kila aliyepita alikuwa ameacha alama yake: ng'ombe, korongo, kiboko aliyekuja kujilisha, na mwanamke aliyejitwika mzigo mzito, kwa maana visigino vyake vilizama kuliko vidole. Nilisimama pale nikiangalia chini mpaka jua likaniunguza shingo.

Mimi ni mfinyanzi. Wanaoniona na udongo mpaka viwikoni huniuliza kama nina majiko ya mkaa, nami huwajibu kwamba sina majiko, nina ziwa la kale. Wengi hucheka, wachache huondoka haraka. Tangu usichana wangu nimependa vitu vilivyo chini ya ardhi. Mvua kubwa zikikata kingo za makorongo kule Kinanira, wenzangu huangalia nyumba gani itafuata kuanguka. Mimi huangalia matabaka: juu udongo mwekundu, chini yake kokoto, na chini kabisa mchanga laini kama wa ufukweni, mahali ambapo leo ukitaka kuona ziwa inabidi ushuke kilima kizima. Humo huokota vigae vya vyungu vya watu wa kale, vyenye mistari iliyochorwa kwa kijiti, na nikiviweka kiganjani naona mahali kidole cha mwenzangu kilipobonyeza. Mtu huoza na nyumba yake huoza, lakini udongo ukishapita motoni haurudi tena kuwa udongo. Hilo ndilo lililonifanya niipende kazi hii.

Nilikuwa nimeona picha za nyayo zilizochimbuliwa Tanzania, za viumbe wa kale sana waliopita kwa miguu miwili juu ya majivu ya mlima wa moto. Majivu yakawa mawe, na wapitao wakabaki pale, mkubwa na mdogo kando yake. Nikiwa mbele ya lile tope la Ruziba nikajua nitafanya nini. Nitatengeneza sakafu nzima ya mabamba ya udongo uliochomwa, ufukwe wetu wa leo kama atakavyoukuta mchimbaji atakayekuja baada ya sisi sote kusahaulika. Nyayo zenyewe ziwe za watu halisi wa Bujumbura. Rafiki mmoja mwenye nyumba Kinanira akanipa uwanja wake niitandaze hapo watu waje kuiona.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Unatandaza udongo laini kwenye ubao, mtu ananawa miguu, anakanyaga kushoto, anakanyaga kulia, anapita zake. Nilianzia bandarini kwa wapagazi. Walinitania mpaka nikachoka, mmoja akasema afadhali miguu yake ya udongo ifike Kigoma maana ya nyama haijawahi. Mwingine alikataa. Aliutazama ule ubao, akavaa ndala zake na kuniambia kwa adabu kwamba mguu wake ana kazi nao. Nilimwelewa. Kwetu kila mtoto amefundishwa kwamba mwenye nia mbaya huchukua udongo ulioukanyaga, akaufanyia mambo yake, na wewe ukaumia ulipo. Nilielewa kama mtu anavyoelewa hadithi za zimwi, nikaenda kwa anayefuata.

Unyayo nilioutaka kuliko zote ulikuwa wa mama mdogo. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, pale Buyenzi, katika chumba kimoja na cherehani yake. Ni fundi wa nguo, na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Umeme ukikatika, mafundi wenye mashine za kisasa hutoka nje kupiga soga, yeye anaendelea. "Mi niko na umeme wangu," husema, akionyesha miguu. Ana ugonjwa wa sukari pia, na vidonge ambavyo humeza siku akivikumbuka.

Nilimpelekea ubao wangu uani kwake. Alivua soksi, akanawa, akainua gauni lake, akakanyaga udongo kwa madaha kama bibi harusi.

"Ukiwa mutoto nilikuwa nakuambia nini?" akaniuliza. "Ukipita kwa watu kwenye matope, futa mguu wako nyuma yako. Sasa mi njo nakupa wangu."

"Unaogopa, mama mudogo?"

"Apana. Mutu anaogopa mutoto wake?"

Tulicheka sote wawili. Nilifunika ule udongo kwa plastiki nikaondoka nao Ruziba, nikauacha ukauke pamoja na wa wengine, na tanuri lilipojaa nikawasha moto.

Siku ya kufungua tanuri ni sikukuu kwangu. Nilitoa mabamba moja moja, yakiwa yametoka mekundu na meusi, nikayapanga kwenye nyasi kwa mstari, watu wa bandarini, wauza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, majirani, kana kwamba wote walikuwa wakielekea majini. Kisha nikapita nikiyasoma. Kusoma unyayo kuna kanuni yake, na ni hiyo hiyo kwa mguu wa jana na kwa mguu wa kale: alama ni mguu uliopinduliwa. Palipozama ndipo mguu ulipojaa. Palipoinuka ndipo mguu ulipo na shimo.

Kwenye bamba la kushoto la mama mdogo, chini ya kidole gumba, kulikuwa na kinundu kama punje ya hindi.

Nilidhani ni jiwe. Nikakigusa, kikawa udongo ule ule, umeumbika vizuri, wenye kingo. Basi lilikuwa shimo, kwenye mguu wa mtu mwenye sukari. Sikunawa hata mikono, nilitoka mbio barabarani nikasimamisha gari la kwanza lililopita.

Nilimkuta anashona. Jirani yake, mwanamke ambaye huja kila siku kukaa naye, alikuwa mkekani akichambua mchele. Sikusalimia mtu. Nilipiga magoti chini ya cherehani nikamwambia mama mdogo anipe mguu wa kushoto. Alifikiri ninatania. Nilipomvua soksi ilitoka na kipande cha ngozi na harufu ambayo siisahau. Shimo lilikuwa jeusi, na ndani yake kitu kiling'aa: ncha ya sindano ya cherehani iliyovunjika. Alikuwa ameikanyaga sijui lini, sukari imemla hisia za nyayo, naye akaendelea kukanyaga pedali juu yake.

"Hainiumi," akasema, akishangaa haraka yangu. "Inawaka tu. Hizi siku inawaka kama moto."

Hapo akaingia kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, ametoka gereji na mafuta mikononi. Alituona tumeinamia mguu.

"Kuna nini?"

"Mama iko na shimo mguuni, sindano imebaki ndani. Tafuta taksi, twende hopitali sasa hivi."

Alichuchumaa akaangalia. Rangi ya uso wake ilibadilika. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu: "We umejuaje? Mi nakaa naye hapa, sijajua. We unatoka Ruziba."

Nami, mjinga, nilijibu kwa majivuno. Nilikuwa na hofu, lakini ndani yake palikuwa na furaha ya mchimbaji aliyesoma kitu na kikawa kweli. "Mguu wake umeniambia," nikasema. "Ile alama yake. Iko kwangu."

"Kwako wapi?"

"Ruziba. Nimeichoma kwenye tanuri."

Jirani aliweka ungo wa mchele chini taratibu.

"Astaghfirullah," akasema. "Mama anasema mguu unawaka moto, na huyu anasema ameuchoma."

Nilicheka. Nakiri nilicheka, kwa sauti, kwa sababu nilidhani ni utani, na utani wa namna hiyo ndio tuliolelewa nao. Nikatazama nyuso zao nipate wa kucheka naye. Kaka yangu alikuwa amesimama kati yangu na mama yake. Huyu niliyelala naye godoro moja utotoni, niliyekula naye sahani moja, alikuwa ameweka mkono mbele kama unavyomkinga mtu na mbwa.

"Hatuendi hopitali," akasema. "Kule watakata mguu na shida iko Ruziba. Utoe kwanza chenye umefanya."

Sikumbuki yote niliyosema baada ya hapo. Mimi ni mwepesi wa hasira, na siku ile hasira haikuwa na breki. Nilimwita mshamba, nikamuuliza kama injini ikikataa kuwaka huwa anaita mganga. Nilimweleza sukari, neva, sindano. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana najua mno. Jirani akasema kwa upole, akimtazama mama mdogo na si mimi, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mama mdogo mwenyewe alikaa kwenye kiti chake, mguu juu ya mto, akitutazama kama abiria anayesubiri wenye gari wamalize kugombana. Kaka yangu alisimama mlangoni, na mlango ule ulikuwa mmoja.

Sharti lao lilikuwa hili: unyayo uletwe, uyeyushwe kwenye maji, maji yamwagwe juu ya mguu, ndipo mgonjwa atoke. Niliwaambia hautayeyuka. Waliona nakataa. Basi kesho yake nikauleta, nimeuzungushia kanga, nikiwa na tumaini la kipumbavu kwamba wakiuona kwa macho wataaibika.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Ndoo ya maji ilikuwa tayari katikati ya ua.

"Mumeshaona chungu kinayeyuka?" niliwauliza. "Hata kimoja?"

"Weka," akasema kaka.

Nililitumbukiza lile bamba. Kila mfinyanzi anajua kinachofuata, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa, akili yangu ilikuwa kwenye kidonda. Udongo uliochomwa ambao haujawahi kuonja maji una hewa ndani yake, na hewa hiyo hutoka. Bamba lilifoka. Mapovu yakapanda kwa mistari, kutoka kwenye kisigino, kutoka kwenye kila kidole, na sauti ndogo ya kuvuta pumzi ikaja nayo. Jirani alipiga kelele akakimbilia barabarani bila viatu. Kaka yangu, mwanaume anayeinua injini kwa mnyororo, alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Inapumua," akasema.

"Ni hewa! Ni hewa tu! Chungu chochote kipya kinafanya hivyo, hamjawahi kuloweka chungu kipya hapa?"

"Chungu haina vidole," akanijibu.

Niliutazama unyayo wa mama mdogo ukifoka ndani ya ndoo, na kwa kitambo kifupi mwili wangu wote ulisisimka kama wao. Hilo lilinitisha kuliko mapovu yenyewe. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na mama mdogo alikuwa akiniimbia methali hiyo kila aliponichapa. Huu wa sasa haukuwa tena na maji ya kuwahiwa. Asubuhi niliporudi ulikuwa umelala chini ya ndoo vile vile, mzima, mgumu, na nyumba nzima ilikuwa inanuka kile kidonda.

Ni mama mdogo aliyeuomba ule unyayo. Homa ilikuwa imempanda, macho yamekuwa madogo. "Nileteeni hiyo kitu niione," akasema, na kaka yangu akaogopa kuishika, hivyo nikaibeba mimi. Nililiegemeza bamba kifuani pake, likimlowesha nguo. Inabidi mjue kwamba mama mdogo ni mnene, na kwa miaka mingi hajaweza kuinama akaona nyayo zake. Aliupitishia mkono ule unyayo kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata. Kidole chake kikafika kwenye kinundu, kikasimama.

"Hii njo shimo?"

"Njo hiyo, mama."

"Yote hii?"

"Yote."

Alikaa nacho kidole pale. Kisha akamwambia mwanawe, kwa ile sauti aliyokuwa akitumia tukichelewa kurudi nyumbani: "Leta taksi."

Kaka aliileta. Hakubishana. Ndani ya gari nilimshikilia mama mdogo kichwa, na nilijiambia kwamba nimeshinda, kwamba amesoma kile nilichosoma. Yeye peke yake katika nyumba nzima alikuwa ameelewa.

Sindano ilitoka kwa dakika chache. Mguu haukupona. Dokta alituita ukumbini, akatueleza kwa Kifaransa na kisha kwa Kirundi, ili tusipate pa kujificha, kwamba sumu imepanda na itabidi wakate chini ya goti. Tungekuja mapema, alisema, huenda ingekuwa kidole tu. Niligeuka kumwangalia kaka yangu. Nilimchukia wakati ule, sitaficha, nilimchukia mpaka nikahisi uchungu mdomoni. Yeye alikuwa ananiangalia kwa macho yale yale.

Mguu ulipotolewa, kaka yangu na wanaume wawili wa ukoo waliupokea, wakaufunga kwa kitambaa cheupe, wakaenda kuuzika makaburini kama inavyopasa kiungo cha Mwislamu. Hakuna aliyenialika, na mwanamke haalikwi, lakini nilijua kwamba hata ningekuwa mwanaume nisingealikwa.

Habari ilifika Ruziba kabla yangu. Watu walianza kuja kudai nyayo zao. Wapagazi wa bandarini walikuja kwa pamoja siku ya mapumziko yao, wakiwa wamevaa viatu vilivyofungwa vizuri, na wakanisalimia kwa heshima zote. Wauza ndagala walituma mwakilishi. Wangenitukana ningejua la kujibu, ulimi ninao. Lakini walisema "samahani, dada," "tunaomba tu," na walipochukua mabamba yao waliyashika mbali na miili. Nikawasaidia kuyabeba, ningefanyaje? Wengine waliyavunja barabarani. Wengine waliyatupa ziwani wakidhani yatayeyuka, nami sikuwa na moyo wa kuwaambia kwamba yatakaa humo chini milele. Uwanja wa Kinanira ulibaki wa nyasi. Rafiki yangu aliniambia nitengeneze ndege na viboko, hao hawadai chochote. Sikuweza kugusa udongo.

Jambo moja tu lilinifanya niweze kula na kulala. Nilijiambia: waseme watakavyo, mwenye mguu anajua. Alikigusa kinundu kwa kidole chake, akaita taksi. Mama mdogo anajua kwamba ule unyayo ndio uliomwokoa, kwamba bila huo angekufa akikanyaga pedali. Nilikwenda hospitali kila siku na uji na samaki, na kila siku kulikuwa na kaka au shangazi au jirani pembeni ya kitanda, na mama mdogo alikuwa ananisalimia tu na kunywa uji wangu.

Siku moja aliwaambia wote watoke nje. Walitoka, kaka akiwa wa mwisho, akiacha mlango wazi kidogo. Mama mdogo akasema ufungwe. Kisha akaninyooshea mkono nikaketi kitandani, upande ambao shuka lilikuwa limelala chini, bila mguu.

"Mutoto wangu," akasema. "Nilitaka tubakie peke yetu."

Nilianza kulia kabla hajasema zaidi. Nilidhani ninajua analotaka kusema. Nilidhani ni shukrani, na nilikuwa na njaa nayo.

"Usilie. Pengine ulikuwa haujui chenye unafanya. Pengine ulikuwa unajua. Mi siulizi." Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nimekusamehe. Nasema mbele ya Mungu, nimekusamehe huu mguu. Na nimewaambia wote, mutu asikuguse."

Nilimtazama nikitafuta utani usoni mwake, kama nilivyoutafuta siku ile uani, nikakuta upendo mtupu. Maneno yalinijaa: sindano, mama. Sukari, mama. Kinundu ulikigusa mwenyewe. Nilifungua mdomo. Yeye alikuwa ananisubiri kwa ile subira aliyokuwa nayo nilipokuwa mtoto na kuna sahani imevunjika, na nilimwona amekonda, na midomo imekauka, na nikaona kwamba alikuwa amejiandaa kwa maneno haya kwa siku nyingi na yamemgharimu. Nikikataa, nitakuwa mchawi anayekataa hata msamaha. Nikikubali, nimeungama.

"Sema tu umepokea," akanibembeleza. "Nipumzike."

"Nimepokea, mama," nikasema.

"Alhamdulillah."

Alifumba macho, akalala usingizi mzuri, wa kwanza tangu wamkate. Mimi nilibaki nimekaa pale, mchawi aliyesamehewa, nikimpungia nzi wasitue kwenye bandeji yake.